Shule zetu zijue kuwa homa hii haingoji ruhusa

Kila mwaka wanafunzi wetu huketi katika maabara za shule na kuchora chembechembe za damu. Nyekundu huzichora kama visahani vidogo. Nyeupe huzichora zikiwa kubwa zaidi na zenye kiini. Kisha huandika kando yake maneno yale yale ambayo walimu wao nao waliyakariri zamani: chembechembe nyeupe ni askari wa mwili. Mtahini huweka alama ya vema, na somo huishia hapo. Swali ambalo mtihani hauliulizi, nami leo nataka kuliuliza, ni hili: askari hao wakipungua mwilini mwa mwanafunzi aliyeketi katika darasa lilo hilo, mwalimu wake afanye nini?

Swali hili si la kubuni. Katika hospitali zetu kubwa, kama ile ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, watoto wa umri wa kwenda shule hutibiwa saratani mbalimbali. Wamo wenye saratani ya damu. Wamo pia wenye ule uvimbe wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi nchini Uganda, aliueleza mwaka 1958, na ambao hupatikana zaidi mahali malaria ilipokithiri, likiwemo eneo letu la Ziwa Viktoria. Magonjwa haya hutibika kwa dawa, na watoto wengi wanaopata dawa hizo kwa ukamilifu hupona. Lakini matibabu ya aina moja ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua miaka miwili hadi mitatu. Mtoto hawezi kufungiwa nyumbani muda wote huo. Daktari akiona hali yake inaruhusu, atamrudisha darasani, naye atarudi akiwa na mkoba wake, daftari zake, na damu ambayo ina askari wachache.

Hapo ndipo shule inapoingia katika matibabu, ipende isipende. Nami nashikilia kwamba shule zetu nyingi hazijajiandaa kwa kazi hiyo, si kwa sababu ya roho mbaya, bali kwa sababu hazijaelezwa jambo moja dogo ambalo ni zito kuliko yote: kwa mwanafunzi wa namna hii homa ni dharura, nayo huhesabiwa kwa dakika.

Ili jambo hili lieleweke vyema, yafaa kwanza tuitazame damu yenyewe. Katika milimita moja ya ujazo wa damu ya mtu mzima mwenye afya mna chembechembe nyekundu zipatazo milioni tano. Nyeupe ni chache mno zikilinganishwa na hizo: vitabu vingi vya udaktari husema ni kati ya 4,000 na 11,000. Tena nyeupe si za aina moja. Ziko za aina tano, na kila moja ina kazi yake. Ile inayotuhusu zaidi leo huitwa nyutrofili, nayo ndiyo ya kwanza kufika mahali bakteria walipopenya na kuwameza. Kazi hii ya kumeza wadudu ilifahamika kutokana na uchunguzi wa Ilya Mechnikov, mwanasayansi aliyezaliwa katika milki ya Urusi. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, aliwachoma kwa miiba viluwiluwi vya kiti cha pwani na kuona chembechembe zikikusanyika kuuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Askari hawa huzaliwa katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Uboho wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku. Idadi hiyo ni kubwa kwa sababu maisha yao ni mafupi. Chembechembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Nyutrofili ikishaingia katika damu, maisha yake humo huhesabiwa kwa saa. Basi kiwanda hiki kikisimama kwa siku chache tu, kambi hubaki tupu. Ndivyo zinavyofanya dawa nyingi za saratani. Hushambulia chembechembe zinazogawanyika upesi, na uboho, kwa bahati mbaya, ni mahali ambapo ugawanyikaji haukomi. Kwa kawaida hesabu huteremka hadi chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa kutolewa, kisha hupanda tena polepole. Mwalimu anayeijua kalenda hiyo anajua ni wiki ipi ya kumwangalia mwanafunzi wake kwa jicho la pili.

Dawa za saratani si sababu ya pekee. Virusi vingi, vikiwemo vya surua na vya Ukimwi, huweza kuzipunguza chembechembe nyeupe. Kadhalika homa ya matumbo. Kala-azar, ule ugonjwa unaoenezwa na usubi katika sehemu za Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, huvimbisha wengu na kuipunguzia damu chembechembe zake za kila aina. Upungufu wa vitamini B12 na wa foliki nao huudhoofisha uboho. Aidha, zipo dawa za kawaida zenye hatari hiyo. Mgonjwa anayetumia kabimazoli kwa ajili ya tezi ya shingo iliyozidisha kazi huonywa kwamba akipatwa na homa au maumivu ya koo, aende upesi akapimwe damu, kwa kuwa mara chache dawa hiyo huziangusha nyutrofili ghafla.

Hata hivyo, sipendi msomaji aiweke chini makala hii akiwa na hofu isiyo na msingi. Si kila hesabu ndogo ni ugonjwa. Viwango vilivyochapishwa katika vitabu vingi vilitokana na kuwapima watu wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliofanywa Kericho na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba viwango vya damu vya watu wenye afya huko havilingani na vile vya Marekani. Waafrika wengi na watu wenye asili ya Kiafrika huwa na nyutrofili chache bila ya kuugua mara kwa mara na bila ya kuhitaji tiba yoyote. Mwaka 2009 wanasayansi walieleza sababu yake kubwa: ni badiliko la urithi linaloziondolea chembechembe nyekundu alama iitwayo Duffy. Badiliko lilo hilo humkinga mtu dhidi ya aina moja ya malaria, ile iitwayo vivaksi. Babu zetu walituachia ngao, nayo ngao hiyo ikaja na hesabu ndogo ya nyutrofili. Kwa hiyo mtu mzima wa afya aliyeambiwa kwamba chembechembe zake ni chache, asikimbilie kuandika wasia. Amwombe daktari ampime tena na kuzilinganisha hesabu zake za zamani na za sasa.

Lakini kuwa na hesabu ndogo kwa maumbile ni jambo moja. Kuwa na kambi tupu kwa sababu uboho umezimwa ni jambo jingine. Madaktari huanza kusema nyutrofili zimepungua zinapokuwa chini ya 1,500. Zikiwa chini ya 500, hatari ni kubwa. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa saratani ya damu. Walionyesha kwamba kadiri hesabu inavyoteremka, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka, na kwamba urefu wa muda ambao hesabu hukaa chini huizidisha hatari hiyo.

Na hatari yenyewe ni ya hila. Mtu wa kawaida akiingiwa na bakteria kidoleni, kidole huvimba, huwa chekundu na kutunga usaha. Usaha huo, kwa sehemu kubwa, ni mizoga ya nyutrofili zilizokufa vitani. Asiye na nyutrofili hana usaha. Kidonda chake huweza kuonekana kikavu, koo lake lisiwe jekundu sana, na hata picha ya mapafu isionyeshe kitu. Mtoto huonekana mchovu kidogo tu, labda anatetemeka, labda joto limefika nyuzi 38. Shahidi wa pekee ni ile homa. Ukimnyamazisha shahidi huyo kwa vidonge vya kutuliza homa ukamrudisha mtoto bwenini akalale, umeizima king'ora na kuuacha moto ukiendelea kuwaka.

Zamani madaktari wenyewe walingoja. Walichukua damu, wakaipeleka maabara, wakasubiri siku kadhaa waambiwe ni bakteria gani, ndipo waanze dawa. Wagonjwa wengi walikufa wakingojea jibu. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake walichapisha matokeo ya utaratibu mwingine: mgonjwa mwenye chembechembe chache akipata homa, aanzishiwe papo hapo dawa za kuua bakteria wa aina nyingi kwa njia ya mshipa, majibu yaje baadaye. Utaratibu huo uliokoa maisha na ndio unaofuatwa hadi leo. Lengo linalotajwa na wataalamu ni kwamba dawa ya kwanza iingie mshipani kabla ya saa moja kupita tangu mgonjwa afike hospitalini.

Sasa hebu tulinganishe saa hiyo moja na desturi za shule zetu za bweni. Tuseme mwanafunzi wetu anahisi baridi saa tisa ya usiku. Anamwamsha kiranja wa bweni. Kiranja anamwambia angoje kupambazuke, kwani matroni amelala. Asubuhi anapelekwa kwa muuguzi wa shule, ambaye bado hajafika. Muuguzi anapofika, anampa vidonge viwili na kumwambia apumzike. Saa nne joto linapanda tena. Anatafutwa mwalimu wa zamu atie sahihi, kisha naibu wa mwalimu mkuu atie yake. Naibu yuko mkutanoni. Sahihi zinapopatikana, mzazi anapigiwa simu aje kumchukua mwanawe, naye yuko mbali, pengine safari ya saa tano. Bawabu langoni naye ana daftari lake. Kila mmoja wa watu hawa ametimiza wajibu wake kama alivyoelekezwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa katili. Lakini saa moja imekuwa saa kumi na mbili, na bakteria hawakuwa na haja ya sahihi ya mtu yeyote.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili, ngoja ngoja huua.

Najua walimu watanijibu. Watasema kwamba taratibu hizo za ruhusa hazikuwekwa bure. Zimewekwa ili wanafunzi wasitoroke na ili shule isije ikashtakiwa. Kweli kabisa. Sisemi zifutwe. Nasema kwamba mwanafunzi huyu mmoja apewe ruhusa yake kabla ya kuihitaji. Mzazi na mwalimu mkuu wakae siku ya kwanza ya muhula, wasome barua ya daktari pamoja, na waandikiane idhini: joto likifika nyuzi 38, shule itampeleka mtoto hospitali iliyotajwa bila ya kumngoja mtu yeyote, na mzazi atakutana nao huko. Sahihi iliyotiwa mwezi Januari haitachelewa mwezi Machi.

Wengine watasema kwamba mtoto mgonjwa hivyo akae nyumbani hadi apone. Hoja hii ina sura ya huruma, ila ndani yake mna ubwege. Nyumbani nako kuna bakteria. Wengi wa wale wanaomshambulia mgonjwa kama huyu hutoka katika ngozi yake na matumbo yake mwenyewe. Anayepaswa kuamua kama mtoto aende darasani wiki hii au asiende ni daktari anayeiona hesabu ya damu yake. Mwalimu na majirani hawana kipimo hicho. Isitoshe, mtoto aliyepona saratani akakosa elimu tumemwokoa nusu tu.

Lipo pia jambo linaloniudhi zaidi ya hayo, nalo ni uvumi. Katika nchi yetu, tangu Ukimwi ulipogunduliwa hapa mwaka 1984, maneno "chembechembe nyeupe zimepungua" yamekuwa na maana moja tu masikioni mwa watu. Mwanafunzi akirudi shuleni akiwa hana nywele, tena akisemekana ana upungufu wa chembechembe, minong'ono huanza, na wenzake huanza kusogeza vikombe vyao. Walimu wa Biolojia, kazi hii ni yenu! Chembechembe zinazohesabiwa katika matibabu ya Ukimwi ni za aina nyingine, ni tawi la limfosaiti. Nyutrofili ni kundi tofauti. Na hata kama mwanafunzi angekuwa na virusi hivyo, hilo lisingekuwa sababu ya kumtenga. Kupungukiwa na chembechembe nyeupe hakuambukizi. Yeye hawezi kukudhuru kwa hali hiyo. Wewe ndiwe unayeweza kumdhuru kwa kikohozi chako.

Uvumi mwingine ni wa jikoni. Tunaambiwa kwamba maji ya kiazi sukari chekundu yataongeza damu. Huenda chakula hicho ni kizuri, lakini wekundu wake haugeuki kuwa chembechembe, seuze nyeupe. Hakuna tunda wala mboga iliyothibitishwa kuuamsha uboho uliolazwa na dawa za saratani. Kutiwa damu nako hurudisha chembechembe nyekundu, na nyutrofili hazipatikani kwa njia hiyo ya kawaida. Iko dawa ya sindano iitwayo filgrastimu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1991, inayouhimiza uboho kutengeneza nyutrofili upesi, lakini ni daktari anayeamua nani aipate na lini. Kwa wengi tiba ni kungoja uboho uamke, huku wakilindwa.

Ulinzi wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji maji na sabuni mahali ambapo mikono inaweza kuvifikia: karibu na choo na karibu na bwalo. Unahitaji nyama na mayai yaliyoiva barabara, maji ya kunywa yaliyo salama, na matunda yaliyooshwa vizuri. Mwenye mafua asikae naye dawati moja. Tetekuwanga au surua ikizuka shuleni, mzazi aarifiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwa mtoto huyu magonjwa hayo si ya mzaha na kuna kinga ambayo daktari anaweza kumpa akijulishwa mapema. Chanjo za virusi hai, kama ile ya surua, asipewe shuleni bila ya idhini ya daktari wake, hata kama wanafunzi wote wamepanga foleni.

Basi naleta madai manne mbele ya wakuu wa shule, bodi zao na walimu kwa jumla.

Kwanza, kila shule ya bweni iwe na kipimajoto kinachofanya kazi, kikae mahali panapojulikana, na awepo mtu mzima anayeweza kuamshwa usiku kukitumia. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kombe lolote lililo katika kabati la mwalimu mkuu.

Pili, mwanafunzi anayetibiwa kwa dawa zinazopunguza chembechembe nyeupe awe na barua ya daktari katika ofisi tatu: kwa mwalimu mkuu, kwa muuguzi na kwa matroni. Barua itaje nyuzi za joto zinazohitaji hatua, jina la hospitali na nambari ya kupiga. Itaje pia kwamba asipewe dawa ya kutuliza homa kabla ya kupimwa joto na kabla ya daktari wake kuulizwa.

Tatu, usafiri wa mtoto huyo upangwe kabla ya haja. Kama gari la shule limekwenda mjini kununua unga, ijulikane ni jirani gani au dereva gani atakayeitwa. Afikapo hospitalini, anayemsindikiza aseme mara moja, tena kwa sauti: huyu anatibiwa saratani, chembechembe zake ni chache, na ana homa. Maneno hayo humwondoa kwenye foleni.

Nne, somo la damu lifundishwe hadi mwisho. Baada ya mchoro na majina, mwalimu atumie dakika kumi kueleza ni nini hutokea chembechembe hizo zinapokosekana. Wanafunzi wanaweza kulielewa jambo hili. Tena wao ndio watakaokuwa karibu na mwenzao usiku, kabla ya muuguzi na kabla ya daktari. Kiranja wa bweni anayejua kwa nini homa ile haingoji ana thamani kuliko mabango kumi ya afya ukutani.

Na kwako wewe mwanafunzi ambaye hesabu yako ndiyo hiyo ndogo, nina neno moja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usione haya kuamsha watu. Usijikaze kiume au kike ili usionekane mlalamishi wakati wa mitihani. Mtihani hurudiwa. Ukihisi baridi, ukitetemeka, koo likikuuma au kinywa kikitoka vidonda, sema usiku huo huo, tena sema kwa mtu mzima.

Hatudaiwi ujuzi wa kuponya saratani shuleni. Kazi hiyo ina wenyewe, nao wanaifanya kwa bidii katika wodi zilizojaa. Linalodaiwa kwetu ni kutoipoteza kazi yao kwa kukosa kipimajoto, gari na sahihi moja. Muhula ujao mwalimu mkuu anapopokea barua ya daktari, asiitie ndani ya faili na kuisahau. Amwite matroni, amwite bawabu, awasomee yote yaliyomo, na awaambie kwamba siku mtoto huyu atakapopata homa, lango lifunguliwe kwanza, maswali yaulizwe baadaye.